Niliziba Masikio, Ndege Wakala Mpunga wa Harusi Yangu

Jamani, kabla hamjaanza kunitafutia visingizio, naomba niseme mapema: hakuna aliyeniroga, hakuna aliyenishauri vibaya, na muuzaji hana kosa. Upumbavu ulikuwa wangu mwenyewe. Nilikwenda nao dukani, na nilirudi nao ukiwa umeongezeka.

Jina langu sitaji. Mimi ni kinyozi hapa Kibiti, karibu na stendi, na nikiongeza neno lingine wateja watanijua. Walioshajua wamenicheka vya kutosha. Juzi mmoja alikaa kwenye kiti, nikamuuliza anyolewe vipi, akaniambia, "Kwani unanisikia?" Nikawasha mashine, nikamnyoa.

Kisa chenyewe ni earphone. Ndiyo, hizi ndogo zisizo na waya, unachomeka masikioni unatembea na muziki wako. Najua mnajiuliza kitu kidogo hivyo kinaweza kumharibia mtu nini. Subirini.

Nina mchumba. Au nilikuwa naye, au nitakuwa naye, mtaamua wenyewe mkifika mwisho. Tumwite Zuhura. Kwao ni upande wa Maparoni, ndani ya delta, ambako ukitoka Kibiti unashuka Nyamisati, unapanda boti, halafu unaanza kukatiza mikoko mpaka unasahau ulikotoka. Mahari nilishapeleka. Harusi ilishapangwa iwe baada ya mavuno, maana kwao pilau ya harusi hainunuliwi dukani. Mchele unatoka shambani kwa mama wa bibi harusi, na majirani wanaujua ni mchele wa nani.

Na mama mwenyewe ni mjane. Ana shamba moja tu kando ya mto. Shamba hilo ndilo lilikuwa pilau yetu, na ndilo lilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Shikeni hapo, tafadhali.

Sasa msimu huu, mpunga umeshika punje, punje bado laini zina maziwa, mama mkwe akavimba mguu. Wakati huo wa mpunga kazi ni moja: kuamia ndege. Mtu anahamia shambani, anakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, na kutwa nzima anafukuza kweleakwelea. Ukizubaa wanashuka kundi zima, wanafyonza zile punje, wanakuachia mapepe matupu. Mama na mguu wake ngazi ya dungu haiwezi. Zuhura naye amuuguze mama, apike, ateke maji, tena aamie ndege? Binadamu gani huyo?

Nikajitokeza mwanaume. "Niachieni mimi," nikasema kwenye simu.

Zuhura akauliza, "Unaijua lakini kazi yenyewe?"

"Kufukuza ndege? Kwani ndege wana digrii?"

Mnayasikia maneno yangu? Baba yangu ni Mndengereko kamili, lakini mimi nimekulia stendi. Ndege niliyemfahamu kwa karibu ni kuku wa kukaanga!

Kabla ya safari nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikajiona nimekaa juu ya miti kutwa, hakuna mteja, hakuna stori, hakuna mpira. Nitakufa kwa upweke. Nikaona dawa ni muziki. Simu yangu spika yake inakoroma, kwa hiyo nikaingia kwenye duka la kaka mmoja anayeuza vifaa vya simu, mtu wa bara, mpole, anayependa kueleza.

Akanitolea aina mbili. Za kwanza zilikuwa zinaning'inia juu ya sikio, tundu la sikio linabaki wazi. Unasikia muziki, na ukiitwa unasikia. Za pili zilikuwa na mipira laini inayoziba tundu lote, halafu ukigusa pembeni zinazima kelele za nje.

"Unakwenda kuzitumia wapi, kaka?" akaniuliza.

Hapo ndipo shetani wangu wa majivuno alipoamka. Niseme nakwenda kufukuza ndege? Mimi, nimevaa raba nyeupe, nimechonga ndevu? Nikamjibu, "Safarini, bosi. Mimi ni mtu wa Dar, kwenda na kurudi. Makelele ya basi yananichosha."

"Basi kwa safari chukua hizi za kuziba. Lakini kama kuna mahali unahitaji kusikia watu, chukua za wazi."

"Watu hawana cha kuniambia," nikasema.

Nilisema hivyo kweli. Nilisema kwa sauti, na kuna mama alikuwa ananunua chaja akageuka kunitazama.

Akaniwashia nijaribu. Ndugu zangu! Stendi yote ilizimika. Namwona kondakta anafungua mdomo, hakitoki kitu. Wauza korosho wanagombania abiria kama picha isiyo na sauti. Muziki ukaingia, singeli safi, kila kinanda mahali pake. Nikaona maisha ndiyo haya! Zile za wazi nikazisukuma pembeni, nikasema hizo ni za wazee.

Nikafika delta na begi langu, sola ndogo ya kuchajia, simu imejaa nyimbo, na vidude vyangu mfukoni. Wakanipeleka dunguni. Jirani yetu wa upande wa juu wa mto alikuwa Bi Tatu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuvuka mto bila mtumbwi. Ndiye aliyenifundisha kazi.

"Mwanangu, huku ndege hatungojei kuwaona. Ukiwaona wamekwisha tua. Huku tunasikilizana. Mimi nikiwafukuza kwangu wanaruka kuja kwako, nitapiga ukelele: Haooo! Wewe uitikie: Nimewapokea! Hapo hapo upige debe, uvute kamba ya makopo, wapae waende kwa mwenzio wa chini, naye umpigie ukelele. Hivyo hivyo mpaka watokomee mikokoni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Maana asiyeitika, ndiye amewaita. Hao ndege wanatafuta shamba lililonyamaza."

Nikaitikia kwa adabu zote. Na siku za mwanzo, wallahi, nilikuwa mfanyakazi. Naitika, napiga debe, nazungusha kombeo natupa madonge ya udongo. Mengi yaliangukia kwenye mpunga wetu wenyewe, lakini nia ilikuwepo. Jioni Bi Tatu ananisifu kutoka kule kwake, "Mkwe wetu ana pafu!" Na mimi kichwa kinavimba.

Kosa lilikuja polepole, ndiyo maana nikashindwa kulishtukia. Nilianza na sikio moja tu, mchana, jua likiwa kali na ndege wamejificha vivulini. Zuhura akaniona alipoleta chakula na mtumbwi wake mdogo.

"Nini hicho sikioni?"

"Muziki kidogo tu, mpenzi. Sikio moja. La pili liko wazi kabisa."

"Toa. Bi Tatu akikuita je?"

"Hata mbu akikohoa nitamsikia."

Akacheka. Alikuwa bado anacheka siku zile! Akaniamini, akapiga kasia akaenda zake.

Basi kutoka sikio moja nikaenda masikio mawili, "kwa wimbo mmoja tu". Wimbo mmoja ukavuta wa pili. Sikupatwa na lolote, nikaona naiweza. Mtu mvivu akifanikiwa mara chache anajiita mtaalamu, na mimi nilishajipa cheo hicho. Nikaanza kuona kwamba Bi Tatu na wenzake wanapiga kelele nyingi bila sababu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Nakumbuka nilikuwa nimevua shati. Nilikuwa nimepata ule wimbo ambao ukinipata kazini nasimamisha mashine ya kunyolea. Nikavichomeka vyote viwili, nikagusa pembeni, delta nzima ikazimika. Mto kimya, makopo kimya, Bi Tatu kimya. Nikafumba macho, nikaanza kucheza singeli juu ya dungu la mama mkwe.

Nilipofumbua macho nikamwona Bi Tatu kule kwake. Amesimama ukingoni, ameshika kanga yake anaipunga juu, anaruka, anarudi chini, anaruka tena. Mbali zaidi yake kuna mwanaume mwingine naye anarusha mikono.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri wananishangilia! Nikasema moyoni, angalia hawa, mdundo umewafikia. Nikawapungia mkono. Nikawapungia mikono yote miwili, kama mgeni rasmi aliyesimama jukwaani! Bi Tatu akaruka zaidi. Nikampa na kiuno.

Wakati huo nimeupa mgongo mpunga. Nasema haya huku uso unaniwaka. Shamba liko nyuma yangu, wala sikugeuka.

Kilichonizindua ni mkono. Mtu amepanda ngazi, amenishika bega, akachomoa kidude kimoja kwa nguvu. Dunia ikarudi yote kwa mkupuo. Kelele za bonde zima, madebe ya majirani, watu wanapiga ukelele kutoka kila upande. Na mbele yangu Zuhura, ameloa mpaka kiunoni, anafungua mdomo sauti haitoki. Safari hii haikuwa earphone. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuniita.

Nikageuka. Shamba lilikuwa limebadilika rangi. Mabua yameinama kwa uzito wa ndege, kundi juu ya kundi, wanapanda wanashuka, na ule mlio wao wa kutafuna mimi nikiwa mita chache sijausikia! Nikashika debe, likaniponyoka. Nikavuta kamba ya makopo, ikakatika. Nikachukua kombeo, nikazungusha kwa hasira zote, donge likatua kwenye ndoo yetu ya maji ya kunywa. Mwisho nikashuka ngazi mbio, nikakosea kijiti, nikaangukia topeni kifudifudi. Ndege hawakunijali hata kidogo.

Zuhura ndiye aliyewafukuza. Aliingia katikati ya mpunga anapiga sufuria aliyoniletea uji asubuhi, mpaka wakanyanyuka. Majirani nao waliacha mashamba yao wakaja kusaidia, na kwa kuacha kwao mpunga wao nao ukaliwa kidogo. Hilo nalo liko shingoni mwangu.

Bi Tatu alipofika hakutukana. Alinitazama tu nilivyojaa tope kifua wazi, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Mwanangu, nilikupungia mpaka kanga ikataka kunivuka. Na wewe ukawa unanipungia. Ulikuwa unaniaga?"

Kuanzia hapo jina langu huko delta ni Mgeni Rasmi. Hata watoto wa madrasa wananiita hivyo.

Sasa mjue kwetu pwani mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unamsalimia umeinama, huketi naye mkeka mmoja, na mimi ilinibidi niende nyumbani kwake nikamweleze kwamba nimelisha ndege harusi ya binti yake. Nikakaa chini nje ya mlango, yeye yuko ndani, mguu ameuweka juu ya mto. Zuhura akampa masuke aliyoyachuma. Nikasikia anayasugua viganjani, anapuliza. Akasugua mengine, akapuliza. Yote mapepe.

Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa matusi.

Akasema taratibu, "Umekula lakini, baba?"

Nililia, jamani. Mtu mzima na ndevu zangu za kuchonga, nililia pale nje. Yeye hana chakula cha mwaka, ananiuliza mimi kama nimekula!

Nikarudi Kibiti. Haikupita muda, baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wetu, akaja kazini kwangu. Akakaa kwenye kiti, akajifanya amekuja kunyoa. Nikamnyoa upande mmoja, ndipo akaanza kuzungumza.

"Wamesema harusi haipo tena msimu huu. Mchele haupo."

"Mchele nitanunua, baba! Nitanunua magunia!"

"Niliwaambia hivyo hivyo. Mama akasema hawezi kuwalisha watu mchele wa dukani kwenye harusi ya mwanawe wakati wote wanajua wake ulikwenda wapi."

"Na Zuhura?"

"Zuhura atakupigia mwenyewe. Malizia kichwa hiki, watu wananitazama."

Alipiga baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha wa mpunga. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa, nimeyarudia mbele ya kioo cha wateja. Akanikata kabla sijafika mbali.

"Mpunga tutalima mwingine," akasema. "Mimi nilikuita. Nimeona kundi linageuka kuja kwetu nikiwa bado mtoni, nikakuita kwa jina lako, nikapiga kasia nakuita, nikaacha mtumbwi nikaingia majini nakuita. Umenipa mgongo unacheza. Huku kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, hakuna bodaboda. Ni mtumbwi, ni boti, ni kuomba maji yawe yamejaa. Sasa niambie. Siku nitakayokuita kwa hilo, utakuwa unasikiliza nini?"

Nikasema, "Nitazitupa, Zuhura. Naapa, leo hii nazitupa."

"Sijakuuliza habari za earphone."

Mimi, ambaye mteja hajawahi kunishinda maneno tangu nishike mashine! Nilishika simu, nikawa nasikia pumzi yake na jogoo wa kwao kwa mbali. Baadaye akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama ameshuka kitandani leo, anakusalimu." Akakata.

Hali ilivyo sasa ni hii. Mahari hawajairudisha, lakini siku hawajaitaja. Mama mkwe amesema nikitaka, msimu ujao niende tena kuamia, shamba lile lile, dungu lile lile. Nitakwenda. Wataniita Mgeni Rasmi kuanzia Nyamisati mpaka ngazi ya dungu, na nitaitika. Zuhura yeye hajaahidi kitu, na sina ubavu wa kumuuliza.

Kuna wanaoniambia nimsahau, wasichana wako wengi. Ninyi hamumjui Zuhura. Nampenda, na ninaogopa kumkosa, na hofu hiyo nimejitengenezea kwa kidole changu mwenyewe, siku nilipogusa pembeni ya kile kidude.

Vyenyewe bado viko kwenye droo ya mashine. Sikuvitupa, niseme ukweli. Na kinachonikera zaidi ni kwamba ni vizuri mno! Chaji inakaa, sauti inapendeza, havijapata hata mkwaruzo. Niliwahi kuvivaa usiku mmoja tu tangu nirudi. Nikagusa pembeni, Kibiti ikanyamaza. Nikavitoa haraka, nikabaki nasikiliza mbwa wa jirani anavyobweka.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kununua, mimi siwakatazi muziki. Muziki ni mtamu. Ila ukiulizwa dukani unakwenda kuzitumia wapi, usijifanye mtu wa Dar. Sema ukweli. Kama unalinda mpunga, unauza duka, una mtoto anacheza nje, una mgonjwa chumba cha pili, unaendesha bodaboda, chukua zile zinazoacha sikio wazi, hata kama zina sura ya kizee. Zile za kuziba mwachie aliye peke yake kwenye kiti cha basi, ambaye hakuna anayemtegemea mpaka afike.

Na usikubali kile kiburi cha kusema watu hawana cha kukuambia. Mimi nilikisema kwa mdomo huu, nikakilipia kwa mpunga wa mjane.

Najua wengine mnasoma haya huku mmeziba masikio yote mawili, muziki unaendelea. Siwalaumu, mwenzenu nilikuwa hivyo. Toa hata moja tu, kwa muda mfupi. Pengine kuna mtu anakuita sasa hivi, na sauti inaanza kumkauka.